Mama Zipu na Vumbi la Wodini

Kampuni yetu haikuwa na kiwanda wala duka. Ilikuwa na miradi. Leo tunakarabati shule, kesho zahanati, keshokutwa ofisi za serikali, na kila kazi ina msimamizi wake, mafundi wake na ufunguo wake wa stoo. Siku ya kukabidhi jengo tulipeana mikono, tukagawana ndoo tupu za rangi, kila mtu akashika njia yake. Mwezi unaofuata ukimtafuta fundi fulani unaambiwa yuko mradi mwingine, au hayupo tena kabisa.

Nilikuwa na miaka thelathini na moja nilipopewa mradi wangu wa kwanza mkubwa. Ilikuwa hospitali. Tulitakiwa kubomoa ukuta na kujenga vyumba viwili vya upasuaji, na upande wa pili wa korido kulikuwa na wodi ya watoto waliozaliwa kabla ya siku zao. Muuguzi mkuu wa wodi ile, ambaye kila mtu alimwita Sista, aliniuliza swali moja tu siku ya kwanza.

"Vumbi mtalizuia vipi?"

"Tutafunga nailoni, Sista," nilimjibu. "Usiwe na wasiwasi."

Tulifunga nailoni kweli. Tuliibandika kwa gundi ya karatasi kuanzia sakafuni hadi kwenye dari, ikakaa vizuri hata nikaipiga picha. Siku ya nne tukaanza kubomoa. Sikujua kwamba juu ya dari kulikuwa na uwazi unaopitisha mabomba, unaokwenda moja kwa moja hadi wodini.

Saa nne asubuhi Sista alikuja. Hakupaza sauti. Aliinua kidole chake mbele ya macho yangu, na ncha yake ilikuwa nyeupe.

"Nimepitisha juu ya kabati la dawa," alisema. "Simamisha kazi."

Watoto kumi na mmoja walihamishwa siku ile kwenda jengo lingine. Walipelekwa mmoja mmoja, wauguzi wakisukuma mashine za kuwapa joto taratibu mno, na nyuma yao mama zao wakitembea kwa hatua fupi za watu ambao bado wana vidonda. Mama mmoja alinipita, akaitazama kofia yangu ya kazi, kisha akaangalia pembeni. Hakuna mtoto aliyedhurika, Sista aliwahi. Lakini mimi niliketi kwenye ngazi nikisubiri kufukuzwa kazi.

Mkurugenzi wetu, tuliyemwita Bosi, alifika mchana. Alizunguka, akapanda ngazi, akachungulia darini. Aliposhuka alivuta ndoo ya rangi, akaigeuza na kuikalia, akatuita sote.

"Nani hapa amewahi kufanya kazi huku wagonjwa wakiwa jirani?"

Nyuma kabisa ukainuka mwiko.

Alikuwa fundi wa vigae, mama wa makamo, mpole, ambaye mafundi walimwita Mama Zipu. Mimi nilidhani wamempa jina hilo kwa kuwa haongei, kwamba kinywa chake kimefungwa zipu. Wengi tulidhani hivyo.

"Mimi," alisema. "Miaka miwili iliyopita, kliniki ya macho. Tuliweka mapazia mawili, siyo moja. Katikati unaacha nafasi ya mtu kusimama na kujipangusa. Mlango wa kila pazia ni zipu ya hema. Darini unaziba kwanza kabla ya kugusa ukuta. Halafu feni dirishani, inavuta hewa kutoka kwa wagonjwa kuja kwetu, inaitoa nje. Hewa ikija huku, vumbi haliendi kule. Na ukuta unaumwagia maji kabla ya kuupiga."

Bosi alisogeza ndoo yake karibu naye. "Nani alibuni hayo?"

"Zipu ni mimi. Feni ni fundi umeme. Msimamizi alituachia siku nzima tujaribu."

"Sasa mama, mbona hukusema wiki ile tunaanza?"

"Nilipewa vigae, Bosi," alijibu bila ubishi wowote. "Habari ya vumbi hakuniuliza mtu."

Nilitamani sakafu inimeze. Jina lake lilikuwa linatuambia kila siku, nasi tulikuwa tunalicheka. Bosi alituma mtu ofisini alete ripoti ya kliniki ya macho. Ilikuwa na kurasa kumi na nne: mita za vigae, idadi ya milango, tarehe ya kukabidhi. Zipu haikutajwa popote. Msimamizi aliyeiandika alikuwa ameshahamia kampuni nyingine.

Jioni nilimsimulia mama yangu. Mama ni fundi cherehani. Alinisikiliza akiwa ameshika pini midomoni, akazitoa moja moja.

"Hao watoto wazima?"

"Wazima."

"Basi nyamaza kulia, mwanangu. Niletee vipimo vya hayo mapazia. Nailoni nyembamba sindano inaichana, nataka kipande cha turubai cha kuweka pembeni, nishone zipu hapo."

Kesho yake alisimama koridoni mwenyewe, futi ya kupimia nguo shingoni, akibishana na Mama Zipu kuhusu zipu ifungukie juu au chini. Walielewana haraka kuliko nilivyowahi kuelewana na yeyote kati yao. Siku ya tatu mapazia yalikuwa yamesimama, dari imezibwa, feni inanguruma dirishani. Mama Zipu alimpa Sista kipande chembamba cha karatasi laini.

"Kishike hapa kwenye upenyo, Sista. Kikilala kuja kwetu, tuko salama. Kikilala kuja kwako, tufukuze."

Karatasi ililala kuja kwetu. Sista aliishika dakika nzima bila kupepesa macho, akasogea upenyo mwingine, akaishika tena. Mwisho akaagiza watoto warudishwe wodini, akasema, "Endeleeni. Nitakuja kuangalia kila saa." Na alikuja kweli kila saa, kwa wiki saba. Kidole chake hakikurudi cheupe tena.

Kazi ilipokwisha, niliitwa kwenye kikao cha wakubwa, mimi na Mama Zipu. Yeye alikuja na gauni la kutokea, akaweka mkoba magotini kama mtu anayesubiri daktari. Mezani kulikuwa na michoro ya jengo la maduka la ghorofa kumi na mbili. Makamu wa Bosi alikuwa ameihangaikia kazi hiyo mwaka mzima.

"Hii ndiyo itakayotutoa," alisema Makamu. "Watu wataliona kutoka mbali."

"Majengo kama hayo wanajenga kampuni tisa hapa mjini," alisema Bosi. "Niambie, sisi tunajua nini ambacho wengine hawajui?"

Makamu alifikiri. Alikuwa mtu mkweli. "Sijui."

"Hata mimi nilikuwa sijui. Tunasema tuna mipango ya miaka mitano, imebandikwa pale ukutani kwenye fremu. Kumbe kitu cha maana tulichonacho kilikuwa kimekaa nyuma, kimeshika mwiko. Tulikipata kliniki ya macho, tukakitupa. Tumekipata tena kwa bahati. Mara ya tatu sitaki bahati."

Siku ile waliamua mambo ambayo bado nayaishi. Ghorofa tuliiacha. Tungekuwa watu wa kukarabati majengo ambayo hayawezi kufungwa: hospitali, shule, maktaba. Kila mradi ungetengewa kona moja ya kujaribu jambo jipya, hata likishindikana. Na kabla timu haijatawanyika, ingekaa siku nzima, kuanzia msimamizi hadi mfagiaji, kila mtu aeleze alichokigundua. Mama Zipu aliajiriwa moja kwa moja. Kazi yake ilikuwa kuwepo wiki ya kwanza ya kila mradi na siku ile ya mwisho, kubeba yanayojulikana huku na kuyapeleka kule.

"Na vigae?" aliuliza.

"Utaweka ukipenda."

"Napenda," alisema.

Haikuwa rahisi. Miezi sita ya mwanzo kazi zilikuwa chache, na Makamu alitembea na uso wa mtu mwenye jino bovu, ingawa hakuondoka na hakuna siku aliyotuhujumu. Majaribio mengine yalikuwa kichekesho. Tuliwahi kuning'iniza bomba linalonyunyiza maji kama ukungu ili vumbi lianguke. Lilianguka, likawa uji sakafuni, na Makamu mwenyewe, aliyekuja kukagua, akateleza akakaa chini na suti yake. Alicheka kabla yetu, na nadhani hapo ndipo alipokubaliana na mpango. Baadaye Sista aliandika barua kwa hospitali nyingine mbili bila sisi kumwomba. Kutoka hapo hatukukaa tena bila kazi.

Mwaka wa nne, tulipomaliza maktaba ya chuo ambamo wanafunzi walisomea mitihani huku sisi tukibadilisha paa juu yao, nilimvuta Mama Zipu kando nimshukuru. Nilimwambia kwamba bila yeye ningeiacha fani hii siku ile ile ya ngazi.

Aliona aibu, akajifanya anatafuta miwani. "Mimi nilikata zipu tu. Msimamizi wa kliniki ya macho ndiye aliyetuachia siku nzima. Alikaripiwa kwa siku ile, unajua? Hakututaja. Mshukuru yeye."

Sikuwahi kumwona mtu yule. Ilinichukua wiki mbili kupata namba yake. Nilimpigia nikiwa nimesimama uani ofisini, nikajitambulisha, nikaeleza yote: watoto kumi na mmoja, mapazia, mama yangu, barua za Sista.

"Nilidhani hakuna aliyeliona jambo lile," alisema. "Ahsante, dada. Ahsante sana. Na ile shida mliimaliza? Zipu zilikuwa zinajaa vumbi, zinakwama katikati."

"Tumeanza kutumia ukanda wa sumaku," nilimwambia. "Pazia linajifunga lenyewe mtu akishapita."

"Sumaku," alisema polepole. "Tulikuwa hatujafikiria. Naweza kuja kuona?"

Alikuja Jumanne. Mama Zipu alimtolea kiti.