Kava la Rangi ya Chungwa

Theonest alipofariki mwezi wa sita, watu wa Ibadakuli walimngoja mkewe, Martina, alie. Walimngoja msibani, wakamngoja makaburini, wakamngoja tena siku ya arobaini. Hakulia. Alipika, alifagia, aliwaitikia waliomsalimu, na usiku alilala usingizi mzito usio na ndoto. Wifi yake, Eufrasia, alimtazama kwa jicho la pembeni na kuwauliza watu huyu mwanamke moyo wake una nini. Martina mwenyewe hakujua. Mara nyingine alijibonyeza kifuani, kama mtu anavyobonyeza mguu uliokufa ganzi, na hakusikia kitu.

Mumewe alikuwa mpiga picha. Harusi, kipaimara, mahafali, picha za pasipoti, zote zilikuwa zake. Kwa miaka kumi na moja Martina alikuwa mkono wake wa pili. Alishika taa, alibadilisha betri, na kwenye shughuli za wanawake aliingia peke yake na kamera kwa sababu Theonest hakuruhusiwa kuingia. Aliijua kazi. Lakini tangu msiba, begi la kamera lilining'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na yeye alilipita kila siku kama anavyoupita ukuta.

Mwanzoni mwa Desemba simu ya marehemu ililia. Alikuwa mama mmoja wa Mwakitolyo, kule kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, jina lake Salome.

"Naomba kuongea na Theonest," alisema. "Namkumbusha harusi ya binti yangu Nyamizi. Ni Jumamosi ya wiki ijayo."

"Theonest amefariki, mama."

Martina alisikia kuku wakilia upande wa pili.

"Pole sana, mwanangu. Huku hakuna aliyetuambia." Kisha akaongeza, "Wewe si ndiye uliyekuja naye tulipofungua kanisa? Uliyetupiga picha sisi akina mama jikoni?"

"Ndiye mimi."

"Zile picha bado ninazo ukutani. Basi njoo wewe."

Martina alisema sawa. Hakukuwa na ujasiri wowote ndani yake. Kusema sawa kulikuwa kwepesi kuliko kuanza kueleza.

Aliposhusha begi na kulifuta vumbi, alikuta kile kimfuko cha chini, linamokaa kava la mvua, kiko kitupu. Akakumbuka. Masika yaliyopita walikuwa kwenye pikipiki, upepo ukaingia chini ya kava, likavimba kama puto, likaruka na kuangukia mtoni. Lilikuwa kubwa kuliko begi. Theonest alicheka hadi akasimamisha pikipiki. Martina alikumbuka kwamba na yeye alicheka, ila kicheko chenyewe hakukipata tena. Alikikumbuka kama habari za mtu mwingine.

Asubuhi ya Jumatano mawingu yalikuwa yamefunga. Alivaa begi mgongoni akaenda mjini Shinyanga, kwenye duka la Dolatkhanu, linalouza mabegi, miavuli, makoti ya mvua na viatu vya shule. Dolatkhanu alikuwa mwanamke wa Kihindi wa miaka sabini na kitu, aliyezaliwa mjini hapo hapo, na Kisukuma alikijua kuliko vijana wengi wa Kisukuma waliokulia mjini. Alikuwa ameketi nyuma ya kaunta, miwani imefungwa kamba shingoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mayu. Mwangaluka," alimwita mama na kumwamkia kwa Kisukuma. "Nikusaidie nini?"

"Nataka kava la mvua la begi hili."

"La ukubwa gani?"

"Lolote tu."

Dolatkhanu alivaa miwani. Alimtazama Martina, akalitazama begi, kisha akamtazama Martina tena.

"Lolote siuzi," alisema. "Ndani kuna nini?"

"Kamera. Na lenzi mbili."

"Basi hilo si begi la mahindi. Leta hapa."

Aliligeuza begi akatafuta kibandiko cha ndani. Lita thelathini na tano. Akainama chini ya kaunta, akatoa makava matatu, akayatandaza. La kwanza lilikuwa jeusi, limeandikwa lita sitini. Martina alilinyooshea mkono.

"Hilo linatosha."

"Linazidi. Angalia." Dolatkhanu alilivisha begi. Kitambaa kilining'inia kila upande. "Ukipanda pikipiki, upepo utaingia hapa, ulibebe."

"Ndivyo lilivyoondoka la kwanza," Martina alisema.

"Umeona. Unajua mwenyewe, halafu unaniambia lolote."

La pili lilikuwa la kijivu, la tatu la rangi ya chungwa, yote mawili ya lita arobaini. Yalikaa vizuri. Dolatkhanu alivuta lastiki ya pembeni, akaonyesha mkanda unaopita nyuma ya begi na kufungwa kwa kitufe ili kava lisichomoke, akaonyesha na kitundu kidogo cha chini.

"Hiki si kasoro. Maji yakiingia kwa mgongoni yanatokea hapa. Ukikuta kava halina hiki, maji yanakaa chini kama kwenye beseni, na kamera yako inaoga. Sasa twende nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Kwenye bomba. Unanunua kitu cha mvua bila kukimwagia maji?"

Martina alimfuata. Hakuwa na nguvu ya kukataa. Uani kulikuwa na bomba na ndoo. Waliitoa kamera na lenzi, wakaziweka juu ya meza, wakajaza begi karatasi za chooni. Dolatkhanu alilivisha kava la kijivu, akachota kopo baada ya kopo na kulimwagia, polepole, kama anamwagilia mboga. Kisha akamwambia Martina aingize mkono.

Karatasi za juu zilikuwa zimelowa.

"Kwenye mshono," Dolatkhanu alisema. Aliligeuza kava, akaonyesha mahali ambapo utepe wa ndani unaoziba mshono ulikuwa umebanduka. Hakuona haya wala hakujitetea. "Haya yalikuja kumi na mawili. Yote nayatoa dukani leo."

Walibadilisha karatasi. Kava la rangi ya chungwa lilimwagiwa ndoo nzima, nusu yake ikamrukia Dolatkhanu kwenye viatu. Martina aliingiza mkono. Pakavu. Alizungusha vidole hadi chini kabisa. Pakavu.

"Hili ndilo," bibi alisema. "Ninalo la namna hii na jeusi, lita arobaini, kampuni ile ile. Chagua rangi."

Alienda ndani akaleta jeusi, akaliweka juu ya meza kando ya lile la chungwa. Kisha akavuta kigoda akakaa, akaanza kujifuta viatu.

Martina alisimama. Theonest angechukua jeusi bila kufikiri. Daima alivaa nyeusi kazini. Alisema mpiga picha akionekana, watu wanaanza kujifanya. Jeusi ndilo lililokuwa jibu. Alisubiri Dolatkhanu aseme, chukua hili, kama alivyosema kila kitu kingine tangu aingie. Dolatkhanu alikuwa anafuta kiatu cha pili.

"Nichagulie, bibi," Martina alisema.

"Begi la nani?"

"La mume wangu. Alifariki."

Mkono wa Dolatkhanu ulitulia juu ya kiatu. "Pole, mayu. Sasa analivaa nani?"

"Mimi."

"Basi."

Dolatkhanu alirudia kufuta kiatu. Na Martina, akiwa amesimama uani kwa watu na mkono wake una harufu ya maji ya bomba, alifikiri kwamba tangu mwezi wa sita hakuna mtu aliyemuuliza anataka nini. Jeneza walichagua shemeji zake. Kaburi walichagua wazee. Kitenge cha kuvaa msibani alichagua Eufrasia. Hata mwanawe Wiliam kupelekwa shule ya bweni kulikuwa kumeamuliwa alipokuwa jikoni, akaletewa habari. Hakukasirika kwa kufikiri hivyo. Aliliona tu, kama unavyoona doa ukutani.

"La chungwa," alisema.

Alilipa, akaondoka. Njiani alisubiri ajisikie vibaya kwa ajili ya Theonest. Alijisikia vibaya kidogo, labda hatua kumi, kisha ikapita.

Jumamosi alipanda gari la alfajiri hadi Solwa, akachukua pikipiki ya mtu mzima mmoja aitwaye Bujiku, ambaye Salome alikuwa amemtuma. Barabara ilikuwa nyekundu na imekatika-katika. Walipita mashimo ya wachimbaji, mirundo ya mawe, vibanda vya turubai, mashine za kusaga mawe zinazonguruma hata siku ya harusi. Mvua ilikuwa bado.

Ibada ilianza saa nne. Mikono ya Martina iliikumbuka kazi kabla yeye mwenyewe hajaikumbuka. Ilibadilisha lenzi, ikapima mwanga wa dirishani, ikapiga. Bwana harusi akimeza mate. Nyamizi akivuta shela. Salome akilia waziwazi kwenye benchi la mbele. Martina alimpiga picha akilia na akaona picha imetoka vizuri, hilo tu.

Mvua ilishuka wakati maharusi wanatia sahihi. Ilishuka ghafla, na upepo nyuma yake, na bati la pembeni, juu ya chumba cha mchungaji, likang'oka upande mmoja na kuanza kupiga makofi. Maji yakamwagika juu ya kabati la vitabu, upepo ukayarusha hadi kanisani. Watu wakapiga kelele. Mchungaji alikumbatia daftari la ndoa kifuani kama mtoto, akageuka huku na huku akitafuta pakavu. Vyeti viwili vilikuwa ndani yake, wino haujakauka.

Hapo ndipo alipoliona begi, limewekwa juu ya kiti, tayari limevishwa.

"Mama! Mama mwenye begi la chungwa! Lina nafasi?"

Lilikuwa na mfuko bapa wa kompyuta, na Martina hakuwa na kompyuta. Daftari liliingia sawasawa. Wasimamizi wa maharusi walipoona hivyo walileta simu zao. Mama wa bwana harusi akaleta dawa zake za presha. Mtu mwingine akaleta kikasha cha vipaza sauti. Martina alipokea kila kitu akakipanga, akarudisha kamera mahali pake, akavuta lastiki, akafunga mkanda wa nyuma.

Kutoka kanisani hadi kwa Salome, penye sherehe, ilikuwa mwendo wa robo saa kwa miguu, na pikipiki hazikuweza kupita kwenye tope. Bujiku alitangulia akimwonyesha pa kukanyaga. Martina hakuwa na mwavuli. Maji yalimpiga usoni, yakaingia shingoni, yakajaa viatuni. Nyuma yake mvua iligonga kava kwa sauti ya mtama unaomwagwa kwenye ungo. Mara mbili aliteleza, na mara zote mbili alianguka kwa magoti, makusudi, ili begi lisiguse chini.

Chini ya turubai la Salome watu walimzunguka. Alifungua mkanda, akavua kava, akafungua zipu. Mchungaji alitoa daftari akalifungua ukurasa mmoja mmoja mbele ya wote.

"Kavu," alisema. "Hata tone."

Wanawake walipiga vigelegele. Walilipigia begi, na mmoja akalitunza kwa kulifunga kitambaa cha kichwani. Martina alipiga picha ya begi likiwa na kilemba.

Mvua ilipopungua ikawa manyunyu, Nyamizi alimjia. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Dada, nilitaka picha za nje. Sasa angalia tope hili."

Theonest angemwambia tupige ndani, mbele ya pazia. Martina alitazama nje. Aliona lile tope jekundu, na mbingu ya kijivu, na mabuti ya mpira ya wachimbaji yamepangwa mlangoni.

"Vaa yale," alisema.

"Mabuti?"

"Vaa. Pandisha gauni. Mwambie na mumeo avae."

Walitoka. Walicheka kabla hata hajawaambia wacheke. Alipiga picha kama thelathini, akizunguka, akichuchumaa, tope likimfika magotini. Alipomaliza, aliona kamera inacheza mikononi mwake. Alidhani imeharibika. Kumbe ni mikono.

"Wewe unatetemeka," Salome alisema. Alikuwa amekuja na kanga kavu.

"Nasikia baridi," Martina alisema. Aliinua kichwa, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa mbali. "Mama, nasikia baridi."

"Si umelowa? Utaachaje kusikia baridi? Njoo motoni."

Alimpeleka kwa wapishi, akamvua blauzi mwenyewe nyuma ya turubai kama anavyovuliwa mtoto, akamfunga kanga, akamkalisha karibu na jiko la mafiga. Wakampa wali na nyama. Alikula ukaisha. Akaongezewa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, akala nayo ikaisha. Mpishi mmoja alisema huyu mpiga picha ana njaa ya mwaka mzima, na Martina alikubali kwa kichwa, mdomo umejaa.

"Wabeja sana," Salome alimshukuru, akiwa amemshika bega. Hakumuuliza habari za Theonest, wala hakumwambia ajikaze.

Hakulia siku hiyo. Wala wiki hiyo. Alirudi Ibadakuli, akasafisha picha, akazipeleka Mwakitolyo, akaitwa kwenye kipaimara na mahafali mawili. Eufrasia aliwaambia watu kwamba wifi yake ameanza kuzurura.

Kulia alikuja kulia, lakini ilikuwa mwezi wa tatu, mchana wa siku ya kawaida, anamenya viazi jikoni. Alilia hadi maji ya viazi yakabadilika rangi kwa kukaa muda. Kisha akanawa uso, akabandika sufuria. Eufrasia hakuwepo, na Martina hakumwambia.