Chombo cha Kutuma

Mwaka 1953 lori la Makambako lilituletea misheni sanduku lenye neno la Kifaransa: émetteur. Padri alinieleza kuwa ni chombo cha kurusha sauti hewani. Mama Emerensiana akaja kutoka Kichiwa ili amsikie mwanawe Marcelino, aliyekuwa akifanya kazi misheni ya mbali yenye redio.

“Mama, hiki kinatuma tu, hakipokei,” nilimwambia kwa huzuni.

“Mwalimu, acha uso wa msiba! Yeye atanisikia?”

“Atakusikia.”

Akakisogelea, akasalimu kwa Kibena: “Kamwene, mwanangu.” Akanyamaza, ampe nafasi ya kuitikia. “Sisi wazima. Mahindi yamekomaa.” Akanyamaza tena, akiitikia kwa kichwa.

Padri akanyoosha mkono akizime.

“Subiri kidogo, Baba,” nikanong'ona. “Marcelino bado anajibu.”