Viatu vya Gari la Kapteni

Bei ilipotajwa, Mzee Tepu alidhani anauziwa gari.

"Sasa hilo gari lenyewe liko wapi, binti yangu?" akauliza, akigeuka huku na huku mle gerejini.

"Mzee wangu, hiyo ni bei ya matairi," akajibu Mama Upepo, fundi wa matairi, akijifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa cheusi kuliko mikono yenyewe. "Matairi manne. Gari mmekuja nalo."

Mzee Tepu alikuwa fundi cherehani kwa miaka arobaini na tatu, na hata alipostaafu tepu ya kupimia haikushuka shingoni mwake. Majirani walidai kwamba akienda kulala huvua meno kwanza, tepu baadaye. Hesabu zote za dunia hii alizipiga kwa suti. Basi akazipiga: tairi moja, suti tatu na vizibao vyake. Matairi manne, suti kumi na mbili. Na siku hizi watu walikuwa wanaoa na fulana.

"Kwani humo ndani mnajaza upepo au manukato?"

"Upepo ni ule ule, baba. Kilichopanda ni saizi." Mama Upepo akachuchumaa, akaligonga gurudumu kwa spana. "Hiki chuma cha katikati ndiyo rimu. Zamani gari la mtu wa kawaida lilikuwa na rimu ya kumi na nne, chuma kidogo, mpira mwingi. Wakaja na kumi na tano, na kumi na sita, watu wakapenda, nao wakazidi kuongeza. Hii yenu ni kumi na tisa. Chuma kikikua, mpira unakonda. Mpira ukikonda, bei inanenepa. Halafu si kila duka linayo, mpaka uagize."

"Kitambaa kidogo, bei kubwa," akasema Mzee Tepu. "Hiyo naijua. Inaitwa sketi."

Mama Upepo akacheka mpaka spana ikamponyoka. Kapteni hakucheka. Hapo ndipo Mzee Tepu alipoingiwa na hofu.

Kapteni alikuwa mkewe. Jina hilo alimpa yeye mwenyewe, mwaka ule mkewe alipostaafu unesi na kwenda kujifunza kuendesha gari akiwa na miaka sitini na mmoja. Siku ya mtihani, inasemekana, yule askari aliyempima alishuka garini, akaomba maji, akaomba kiti, kisha akasaini leseni bila kusoma. Wengine husema alisaini kwa hofu ya kurudishwa garini. Kapteni husema alisaini kwa heshima. Vyovyote vile, mwanamke huyo hakuwa na dakika ya kukaa kimya, na sasa alikuwa amesimama mkono juu ya boneti kama anayempima mgonjwa homa, hasemi neno.

"Na haya yaliyopo?" hatimaye akauliza.

"Vipara, mama. Upande wa ndani waya zinachungulia. Shimo moja tu la barabarani, tairi litapasuka ubavu." Mama Upepo akainuka. "Mimi siwadanganyi. Mkitoka hapa, polepole mpaka nyumbani, halafu gari lipumzike mpaka mje na matairi."

Wakarudi nyumbani kwa mwendo wa kobe mwenye mawazo.

Gari hilo walipewa na binti yao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, mbali. Miaka minne alijinyima, mwaka wa tano akalileta mwenyewe, la buluu, rimu zinang'aa hivi kwamba wapita njia walikuwa wakisimama kuchana nywele. Tangu hapo, kila Alhamisi asubuhi Kapteni alivuka mji kwenda kwa dada yake mkubwa, ambaye miguu ilikuwa imegoma kabisa. Angemwogesha, angemsuka, kisha yeye na mpangaji wa chumba cha pili wangembeba mpaka garini, na hapo ndugu wawili wangezunguka mji mzima wakikosoa: nyumba ile imepakwa rangi gani, daraja lile litaisha lini, yule mama na mwavuli wake anajiona nani. Basi la abiria dada asingeweza kulipanda. Kapteni mwenyewe, kwa goti lake lile la kulia, mabasi mawili ya kwenda na mawili ya kurudi yangemlaza wiki. Bila gari hakukuwa na Alhamisi.

Alhamisi ya kwanza Kapteni akapiga simu. "Dada, gari lina mafua."

"Lipe limau," dada akajibu.

Alhamisi ya pili: "Dada, bado halijapoa."

"Hilo gari lina mafua au lina bwana? Sema tu ukweli, mimi si mtoto."

Alhamisi ya tatu dada hakutania. Alisikiliza, kisha akasema, "Sawa, mdogo wangu. Usijisumbue. Nakaa tu hapa, naangalia ukuta." Kapteni akaweka simu mezani, akaingia jikoni, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Mzee Tepu akavisikia vile vyombo safi vikigongana, akaona afadhali angepigwa navyo. Akavaa viatu, akatoka.

"Nina swali moja," akamwambia Mama Upepo, aliyekuwa nusu ndani ya tairi la lori. "Mtu akiniletea suruali imemshinda, swali la kwanza namuuliza: ilishonwa hivi au ilibadilishwa? Hili gari letu, kiwandani lilitoka na rimu hizi kubwa?"

Mama Upepo akatoa kichwa. "Mzee, wewe ulipotea njia kwenda cherehani." Akamweleza. Gari la aina ile lilitengenezwa kwa madaraja mawili. La wenye nazo lilivishwa kumi na tisa, la wenzangu na mimi lilivishwa kumi na saba, na breki zilikuwa zile zile, kwa hiyo rimu ndogo ingeingia bila kugusa kitu. Matairi ya kumi na saba yalijaa kila duka, na manne yake hayakufika bei ya mawili ya yale mengine. Zaidi ya hapo, alikuwapo bwana mmoja mwenye gari kama hilo hilo, rimu kumi na saba, anayelala akiota rimu za kung'aa. Angebadilishana leo leo, na juu yake aongeze chochote.

"Gari halitafupika?"

"Chuma kinapungua, mpira unaongezeka. Mzunguko wa nje unabaki ule ule."

"Kiuno kinaingia, pindo halisogei," akasema Mzee Tepu polepole, na macho yake yakang'aa kama ya kijana aliyejibiwa barua. "Lakini nitapima mwenyewe. Lebo za saizi ni uongo mtupu. Nimeshona wanawake wa saizi moja, mmoja aliingia mara mbili ndani ya gauni la mwenzake."

Jioni ile, jua likiwa bado lipo, alimtoa Kapteni jikoni kwa kumshika kidole.

"Ingia garini. Washa. Usitoke getini, nataka lisogee hatua mbili tu humu uani."

"Unataka nini wewe?"

"Kapteni, nani abiria hapa?"

Akaingia akiguna. Mzee Tepu akapiga magoti, akaweka alama ya chaki kwenye tairi, pale linapogusa sakafu, na nyingine sakafuni. "Haya. Taratibu, kama bibi harusi."

"Nimesahau anavyotembea."

"Mimi sijasahau. Twende."

Gari likajongea. Mzee Tepu akatambaa pembeni yake kwa magoti na viganja, uso karibu na tairi, akiifuata ile chaki ikipanda, ikizunguka, ikishuka. "Bado... bado... simama!" Akatia alama ya pili, akatandaza tepu sakafuni. Tepu ikaisha mita na nusu, akaihamisha. Mita mbili na robo, na unyoya kidogo. "Suruali mbili za mtu mwembamba," akatangaza.

Kapteni alikuwa ameegemea dirisha anamtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu kicheko kilikuwa kinamtafuta mdomo. "Umechafua magoti kama mtoto. Sasa nieleze, unalishonea gari kaptula?"

Akamweleza. Alipofika kwenye rimu kubadilishwa, kicheko kilikwisha kuondoka. Kapteni akazima gari.

"Hapana."

"Lakini mke wangu..."

"Nimesema hapana. Mtoto amejinyima miaka minne. Siku alipolileta ulimwona? Alizifuta rimu zile kwa leso yake, moja moja, hapo hapo ulipopiga magoti. Leo nimvulie alichonivisha, nimpe mtu baki? Akija likizo nimwambie nini? Nitavumilia. Na dada atavumilia." Akashuka, goti likamgomea kidogo, akashika mlango, akaingia ndani.

Mzee Tepu alibaki na chaki yake. Alijua mengi kuhusu mkewe, na mojawapo ni kwamba "nitavumilia" yake ilikuwa na mshono mara mbili, haifumuki kwa kuvutwa. Akaingia sebuleni, akajibanza nyuma ya pazia, akampigia binti simu kwa siri. Lakini siri ya Mzee Tepu ilikuwa na mipaka yake. Simu yake hajawahi kuitumia bila spika kubwa, kwa sababu hakujua inazimwaje, na kunong'ona kwake kulikuwa kwa mtu aliyeishi miaka arobaini na tatu pembeni ya cherehani.

"Mwanangu! Usimwambie mama yako!" akanong'ona, na ndege wawili wakaruka kutoka kwenye paa la jirani.

"Shikamoo baba. Kuna nini?"

Akamwaga yote: vipara, waya, suti kumi na mbili, ukuta wa dada mkubwa. "Sasa mama yako anazionea huruma rimu zako. Anasema ulizichagua kwa mapenzi."

"Rimu gani, baba?"

"Hizi za kung'aa."

"Hizo zilikuwa kwenye gari! Mimi sikuzichagua, hata sikuziangalia. Nilizifuta kwa sababu zilikuwa na tope la safari, na nilikuwa naona aibu kulia mbele yenu." Binti akacheka, kisha sauti ikashuka. "Mimi nilichagua kiti, baba."

"Kiti?"

"Kiti cha dereva. Nilipita kila duka la magari mjini, nakaa, nashuka, nakaa, nashuka. Magari mengine kiti kiko chini sana, mama angeinuka kwa goti lile angelia. Mengine juu, angepanda kama ngazi. Nilitaka kiti cha kiasi chake, ageuke tu, miguu imefika chini."

Pazia likafunuliwa. Kapteni alikuwa amesimama na mikono inayodondosha maji. Akaichukua simu kama anavyoshika kipimajoto cha mgonjwa, kwa vidole viwili.

"Ulikaa kwenye magari mangapi?"

"Mama! Kumi na manne."

"Wauzaji hawakukufukuza?"

"Wawili walinifukuza."

"Na kiasi changu ulikijuaje, wewe?"

"Nilikupima. Ile likizo, ulipopitiwa na usingizi kwenye kochi. Toka sakafuni mpaka nyuma ya goti. Niliiba tepu ya baba, akaitafuta siku nzima."

"Nilisema!" akapaza Mzee Tepu. "Nilisema kuna mtu!"

Maji yalimdondoka Kapteni viganjani, yakamdondoka na kwingineko. "Kiti ni kizuri, mwanangu," akasema. "Nikikaa siumii. Siku zote nilidhani ni bahati."

Kesho yake asubuhi Mama Upepo alipandisha gari jeki. Yule bwana wa ndoto alikuja mbio, akaondoka na rimu zake nne zinazong'aa akiwa amezikumbatia mbili mbili kama mapacha, na alichoongeza kilitosha nusu ya matairi. Nusu nyingine Mzee Tepu na mkewe walikuwa nayo. Gurudumu la kwanza jipya lilipokuwa tayari, nene, jeusi, Mzee Tepu akaomba nafasi. Akalitia chaki, akalisukuma sakafuni mzunguko mmoja, akapima. Tofauti na la zamani ilikuwa upana wa kidole gumba.

"Hiyo ni kwa sababu la zamani limelika," akasema Mama Upepo.

"Hiyo ni nafasi ya kushonea," akasema Mzee Tepu. "Funga."

Siku hiyo, kwa mpango wa Mungu, ilikuwa Ijumaa; kwa ubishi wa Kapteni, ilikuwa Alhamisi. Walivuka mji. Pale kwenye yale mashimo matatu ambayo zamani yalikuwa yakiwagonganisha meno, gari lilipita kama linapita juu ya mito ya kulalia, na Mzee Tepu anaapa mpaka leo kwamba alitunga uzi kwenye sindano katikati ya shimo la pili. Kapteni alikuwa anaongea tangu getini. Aliongea habari za taa za barabarani, za bei ya sabuni, za dereva wa mbele aliyezaliwa bila shingo, na mumewe aliitikia kila neno kama mtu anayesikiliza mvua baada ya ukame.

Dada mkubwa alikuwa ameshaketishwa mlangoni, kilemba kichwani, mkoba mapajani. Akalitazama gari toka mbele mpaka nyuma.

"Limevaa mabuti," akasema.

"Linakwenda kazini, dada. Shikamoo."

"Marahaba. Wiki tatu, mdogo wangu. Nilikuwa nimeanza kumpenda yule mpangaji." Na akajifanya anakohoa, ncha ya kilemba machoni. Kapteni akainama akamkumbatia, akakaa pale pale ameinama, goti liseme litakalo.

Kapteni alipokwisha kumwogesha na kumsuka, wakambeba. Dada mkubwa akaelekeza kiti cha mbele kwa kidole. "Shemeji, wewe nyuma. Na ufunge mkanda. Dereva wako namjua tangu hajaota meno."

Mzee Tepu akakaa nyuma, akafunga mkanda, tepu shingoni. Kwenye njia panda ya kwanza, mbele yake, vichwa viwili vya mvi viligeukiana. Mmoja alisema kushoto. Mwingine akasema kushoto kuna nini, kulia. Mikono miwili ikanyooshwa, kila mmoja upande wake, na sauti zikapanda, na gari la nyuma likapiga honi, na hakuna aliyelijali.

Mzee Tepu akaegemea kiti, akafumba macho, akaomba wapotee kidogo.