Kijiti Chenye Jina la Ardis

Jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, iliposhuka usiku wa tarehe nne Oktoba, maua yote ya dalia ya mji wa Nordlund yaliamka meusi kama mboga iliyosahauliwa jikoni. Hakuna aliyelia. Huku Minnesota, kaskazini mwa Marekani, watu huingoja jalidi hiyo. Ikishaunguza majani, unahesabu siku kumi, kisha unachukua uma wa bustani, unang'oa viazi vya dalia na kuviweka ndani mpaka Mei. Anayeviacha udongoni hana maua mwakani, na wala asimlaumu mtu.

Ardis Tollefson, bibi wa miaka sabini na minne, alikuwa ameshang'oa vyake na kuviosha vikatakata, simu ilipolia. Alikuwa Marit, binti wa dada yake.

"Mama mdogo, usikate simu, tafadhali. Mama kaanguka, kavunjika nyonga. Yuko kituo cha wagonjwa cha mazoezi ya viungo, na dalia zake zote bado ziko ardhini. Mimi hata sijui kiazi ni kipi na jiwe ni lipi."

"Kakutuma yeye?"

"Anitume? Akijua nimekupigia atashuka kitandani anifukuze na nyonga yake hiyohiyo mbovu."

Sasa, lazima isemwe habari ya maji. Wakuza dalia wa Nordlund ni watu wapole, watu wa kuombana radhi hata wanapokanyagwa. Lakini wamegawanyika pande mbili. Kuna wanaoosha viazi kabla ya kuviweka, wakisema udongo hubeba ukungu. Na kuna wasioosha, wakisema maji ndiyo baba wa uozo. Ardis alikuwa wa kuosha. Dada yake Gudrun alikuwa wa kutoosha. Mama yao alipofariki aliacha dalia moja ya zambarau, na Ardis ndiye aliyeichukua, akaiosha kwa mpira wa maji, akaihifadhi. Kufika Machi ilikuwa uji. Kwenye mkutano wa chama cha wakuza dalia, mbele ya birika la kahawa na watu thelathini, Gudrun akasema, "Ardis kamuua mama mara ya pili."

Ardis aliweka kikombe chini, akavaa koti lake, akatoka. Ikapita miaka tisa. Nyumba zao zilitengana kwa mitaa miwili tu, na hawakupeana hata salamu.

Hata hivyo alikwenda. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya viazi, ambavyo havikumkosea mtu. Kutwa nzima aliinua mashina, akakung'uta udongo, akasoma majina kwenye vijiti na kucheka peke yake, maana Gudrun huotesha dalia mpya kwa mbegu na kuzipa majina ya watu wa mjini, na ulimi wake hauna mfupa. Ile ya mchungaji huchanua kubwa kisha ikainamisha kichwa na kusinzia. Ile ya meya wa zamani hubadilika rangi kila wiki.

Mwisho wa mstari wa mwisho, karibu na uzio, palikuwa na shina moja fupi. Kijiti chake kiliandikwa kwa wino mweusi, kwa mkono wa Gudrun: ARDIS.

Aliinama karibu. Matumba yalikuwa kwenye shina, yote yamefungwa, yote yameungua. Alilipasua moja kwa ukucha akakuta ute mweusi mtupu.

"Umenifanya nini wewe?" alikiuliza kijiti.

Alichimba kwa mbali, akizunguka taratibu. Vikatoka viazi vitatu vidogo vilivyoshikana, na shingoni jicho moja tu. Kiazi kisicho na jicho hakichipui hata kiwe kinene kama mkono, kwa hiyo hapakuwa na cha kugawa. Hicho kikifa, kimekufa na siri yake. Alipofika nyumbani alikipeleka moja kwa moja kwenye bomba, kwa mazoea, akafungulia maji. Mkono ukasita. Akafunga bomba.

Kesho yake alikwenda kituoni. Gudrun alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, blanketi magotini.

"Nani kafa?" aliuliza Gudrun.

"Hakuna. Ile dalia yenye jina langu ina rangi gani?"

"Miaka tisa! Hata 'dada, waendeleaje' hakuna?"

"Ina rangi gani, Gudrun?"

"Umeiosha?"

Ardis alitazama viatu vyake. "Sijaiosha."

Gudrun aliinua nyusi zote mbili. "Basi iweke na udongo wake kwenye maranda ya mbao, pahala pa baridi pasipoganda. Agosti utaiona. Na uwe unakuja kuniambia hali yake."

"Ni tusi?"

"Agosti, mdogo wangu."

Ule udadisi ulimkaa Ardis kama punje iliyonasa jinoni. Aliweka kiazi kwenye boksi la maranda katika chumba cha chini ya nyumba, na kila Jumapili baada ya kanisa alikifunua, akakibonyeza, akaenda kutoa taarifa. Mwanzo walizungumza viazi tu. Kimesinyaa kidogo? Kinyunyizie, lakini kidogo. Kisha wakazungumza theluji, kisha ukaidi wa Marit, kisha kahawa ya mama yao, ambayo iliweza kusimamisha kijiko. Habari ya uji wa zambarau hawakuigusa.

Katikati ya Januari, kidole cha Ardis kilizama ndani ya kiazi. Alipanda ngazi mbio, umri wake akausahau, akashika simu.

"Vimeoza! Viwili, dada, na uozo unapanda shingoni, karibu na jicho!"

"Tulia. Chukua kisu kikali. Kata mpaka uone weupe mtupu, usione huruma. Halafu pakaza mdalasini, uzuie ukungu."

"Mdalasini wa keki?"

"Kwani unao wa kanisani?"

Alikata. Kilibaki kiazi kimoja, urefu wa kidole, na jicho lake. Alirudi kwenye simu akasema kimebaki kimoja, kisha akalingoja lile neno la kuua. Alikuwa amelingoja tangu aliposhika kisu, na alijua kwamba likija hatarudi tena kituoni.

Gudrun alikohoa. "Huenda ilifaa ukioshe," alisema. "Huenda ni udongo."

Ardis aliketi chini sakafuni. Hakuna mtu Nordlund aliyewahi kumsikia Gudrun akisema hivyo. Alilia, na si kwa sababu ya viazi.

Mei walikipanda palepale karibu na uzio. Gudrun, aliyekwisha rudi nyumbani na fremu ya kutembelea, alisimama na kuamrisha. Agosti tumba likatokea. Siku ya kumi na tisa tangu litokee, alfajiri, simu ikalia: "Njoo upesi!" Ardis akaja na ndala za nyumbani.

Ua lilikuwa limefunguka. Lilikuwa la njano, njano ya kawaida kabisa, dogo, petali zimepinda upande mmoja. Hakuna jaji wa maonyesho ambaye angelitazama mara mbili.

"Kumbe njano," alisema Gudrun.

Ardis aligeuka polepole. "Kumbe? Ina maana hukujua?"

"Ningejuaje? Ilikuwa mche wa mbegu, na mbegu haisemi rangi yake mpaka ichanue. Kiangazi kizima ilibeba matumba, haikufungua hata moja. Wenzake wote wamechanua, yeye kimya, kanuna. Nikasema, huyu namjua."

"Kwa hiyo ni tusi."

"Ni tusi," alikubali Gudrun. Aliishika fremu kwa nguvu. "Lakini kila asubuhi nilikuja kuchungulia kama amefungua. Kila asubuhi, Ardis, mpaka siku niliyoanguka. Nilianguka hapahapa."

Ardis aliushika mkono wa dada yake juu ya ile fremu, wakalitazama ua mpaka jua likapanda juu ya paa la jirani.

"Oktoba tukiing'oa," alisema mwishowe, "naiosha."

"Nusu," alisema Gudrun.