Kibanja Kilichomfuata Projestus

Uji uligawiwa saa moja asubuhi bila sukari, maana sukari ilikuwa imeadimika mjini Bukoba mwaka mzima. Upawa alikuwa ameushika Alistidia, mwanafunzi wa ustawi wa jamii aliyetumwa na chuo chake cha Dar es Salaam kufanya mafunzo kwa vitendo. Nyumba hiyo ya vijana wasio na makazi ilikuwa karibu na mto Kanoni, ikiendeshwa na chama kidogo cha hisani, na mwanafunzi wa mafunzo alifanya kila kazi ambayo wenye mshahara hawakuipenda. Kijana mmoja hakuja kuchukua uji. Alistidia alikwenda bwenini akamkuta Projestus ameketi kitandani, na kando yake mgomba umeota, umepasua sakafu ya saruji.

"Ni wa kwetu Izigo," Projestus alisema. "Ulikuwa nyuma ya jiko."

Alistidia alimwambia uji unapoa.

Wiki ile ilikuja migomba mingine, ikajipanga uani kwa nafasi ileile aliyoipima marehemu baba yake Projestus. Ikafuata mibuni, na kahawa yake mbivu, pamoja na nyasi kavu za kutandazia shinani. Mpishi alihamisha kamba ya kuanikia nguo. Jumapili, watu waliporudi kanisani, kaburi la baba lilikuwa nalo limefika, limetulia katikati ya mibuni kama lilivyokuwa kijijini. Projestus aling'oa magugu yaliyokuja nalo.

Habari za kijana huyo Alistidia alikwisha kuzijua. Baba alipofariki, Projestus alikuwa bado mdogo. Matanga yalipokwisha, wanaukoo walikaa kumtaja omusika, yaani mrithi, wakamtaja baba mdogo, Rwegasira, amtunzie mtoto kibanja, shamba hilo la nyumbani la migomba na kahawa, mpaka akue. Mtoto akakua. Rwegasira akamwambia aende mjini akatafute maisha, naye akaendelea kuchuma kahawa. Izigo hakuna aliyeshangaa. Mambo hayo yapo kila mahali.

Kazi aliyopewa Alistidia ilikuwa kumtafutia Projestus kwao pa kudumu kabla mafunzo hayajaisha, na kwa siku chache alifurahi kweli. Ardhi yenyewe ilikuwa imemtambua mwenye mali. Angetaka ushahidi gani tena? Alikwenda kumwita balozi wa nyumba kumi, aje aone.

Balozi alikuja, akazunguka kibanja chote, akapapasa migomba. Alieleza kwamba ardhi ni mali ya taifa na kwamba anayelima ndiye anayestahili. Moyo wa Alistidia ulipanda. Kisha balozi akaeleza kwamba kibanja cha ukoo ni shauri la ukoo, na kwamba hiki kimehama wilaya bila kibali, kwa hiyo ingekuwa busara kutopiga kelele. Aliomba mkungu mmoja, akapewa.

Rwegasira alifika Alhamisi kwa basi la Muleba, amebeba panga. Kule Izigo, alieleza, pamebaki uwanja mtupu ambao majirani wameshaanza kuukatiza kwenda kisimani. Hakuwa na hasira. Alisalimia kila mtu, akapewa kiti na punje za kahawa za kutafuna kama mgeni yeyote.

"Mwanangu, umekua," alisema.

"Nimekua, tatento," Projestus alimjibu baba yake mdogo.

"Vizuri, waitu," Rwegasira alimrudishia neno la heshima. "Ila kibanja ni cha ukoo, popote kilipo. Na ukoo ulinitaja mimi."

"Walisema mpaka nikue."

"Hawajakaa tena wakasema vingine."

Akatafuna kahawa yake taratibu, akaimaliza, akaingia kukata ndizi. Mikungu ilikuwa mizito. Projestus alimbebea hadi stendi, kwa sababu mzee habebi mzigo huku kijana wa nyumbani anamtazama. Alistidia aliwafungulia geti. Alikuwa na hasira, na hakujua aipeleke kwa nani.

Kesho yake aliitwa na mkuu wa nyumba, Mzee Kagaruki, mtu mpole ambaye hakuwahi kukosa tai.

"Binti, nyumba hii ni ya wasio na kwao," alisema. "Projestus ana migomba, ana kahawa, ana kaburi la baba yake pale uani. Kwa Mhaya, nyumbani ni wapi kama si hapo?"

"Lakini kibanja kimechukuliwa, mzee."

"Hilo ni la ukoo. Kitanda chake kina mwingine anayekisubiri."

Alisema kwa huzuni ya kweli. Kisha akampongeza. Wanafunzi wengi walipita hapo, lakini hakuna aliyewahi kumpatia kijana kwao upesi namna hiyo, na chuo kingeelezwa.

Projestus alikunja blanketi akalirudisha stoo. Alistidia alimsindikiza hadi barabarani, akilia waziwazi.

"Usilie, dada. Umejitahidi," Projestus alimwambia. "Stendi pana paa."

Jumatatu mafunzo yaliisha. Migomba ilibaki uani, na Rwegasira alikuwa ameshaweka mtu wa kuipalilia. Alistidia alibeba sanduku lake kwenda bandarini kupanda meli ya Mwanza, akapitia stendi. Alimkuta Projestus ameketi katikati ya mabasi anakula hindi la kuchoma, na kaburi la baba yake liko pembeni yake. Lilikuja peke yake safari hii. Abiria walikuwa wameegemeza mizigo yao juu yake.

Alistidia alisimama. Akahamisha sanduku mkono wa pili.

Kondakta alikuja, akaomba wenye mizigo waiondoe.

"Mdogo wangu," alimwambia Projestus bila ukali, "msogee kidogo, wewe na mzee, basi lipate kugeuza."

Wakasogea.