Wageni wa Kwenye Moshi

Jumanne asubuhi Rozalia alipanga migebuka thelathini na sita juu ya wavu, akachochea kuni. Banda alilokodi la kukaushia samaki pale Kibirizi halikuwa na bomba la moshi. Tangu amzike mumewe alifanya kazi humo peke yake.

Moshi ulipokolea, wageni wakashuka. Walikuwa wadogo kuliko dagaa, na kila mmoja alipungukiwa elektroni moja. Waliitwa radikali huru.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mmekuja kunyang'anya tena?"

"Tutafanyaje, bibi? Asiye na mwenzake hatulii."

Hilo Rozalia alilielewa, akawaachia mkono.

Wakavuta kwenye kiwiko chake ule uzi wa DNA, nyuzi mbili zilizosokotana, ulioandikwa namna ya kumjenga Rozalia. Humo herufi G hukaa na herufi C siku zote. Mgeni mmoja aliigusa G, akapata alichokosa, akalala. Ile G ikabaki na oksijeni isiyo yake, ikaanza kujishikiza kwa A.

Jioni alikuja jirani yake Consolate, aliyezaliwa Burundi, na sindano yake. Hakuna aliyemwita. Alikaa kwenye moshi, akakata herufi mbovu moja moja, akaweka nzima.

"Hizi tatu nimechelewa, dada," alisema. "Uzi umeshanakiliwa. Makosa haya sasa ni yako. Yakifika pale kwenye uzi panapozuia uvimbe wa saratani, sindano haitasaidia."

Wakaenda kwa Pastory, mwenye banda, kuomba bomba. Pastory aliwatazama wageni waliolala kwenye mkono wa Rozalia. Nao wakaamka, wakamwamkia.

"Mbona wana adabu?" alisema. "Bomba litatoboa bati langu. Tuone mwakani."

Walirudi bandani. Consolate alipoinama kushona, Rozalia aliona uzi mwingine ukining'inia, mwembamba, safi. Ulitoka kwenye kiwiko cha Consolate. Wageni wawili walikuwa wameushika.

Rozalia alimsindikiza mpaka njiani, akamfungia migebuka miwili kwenye gazeti, akamshukuru kuliko siku nyingine.

Kesho yake jioni Rozalia alifunga mlango kwa komeo.

"Hodi, dada."

"Sipo, Consolate."

Consolate aliusukuma mlango, haukufunguka.

"Utarudi lini?"

"Nenda nyumbani, mdogo wangu. Kuna hewa nzuri huko."

Nyayo zikaenda. Rozalia aligeuza samaki, akakaa, akakunja mkono wa gauni.

"Haya," aliwaambia wageni. "Njooni."