Januari Yetu na Buti za Taalai

“Farasi wa kuniangusha mimi hajazaliwa, na dhoruba ya kunirudisha nyumbani bado inapikwa huko mbinguni, haijaiva!”

Hayo aliyasema Taalai katika chumba cha chai cha kijiji cha Ak-Jar, mbele ya watu kumi na wawili, mdomo umejaa mkate. Hakuwa mwongo, jamani, msimwonee. Alikuwa tu na tabia ya kuutangulia ukweli, kisha kuusubiri huko mbele. Mara nyingine ukweli ulichelewa. Mara nyingine haukufika kabisa.

Aliyemchokoza siku hiyo ni Jekshen, mpiga picha wa kijiji cha bondeni. Kila mwaka mjini huchapwa kalenda ya milima ya wilaya, picha kumi na mbili, na jina la kijiji chini ya kila picha. Ukurasa wa heshima ni Januari, kwa sababu huo ndio mwezi ambao watu bado wana hamu ya kutazama kalenda. Miaka mitatu mfululizo Januari ilikuwa ya Jekshen. Ak-Jar walipewa Novemba, mwezi ambao hata kondoo hawautaki.

“Kaka Taalai,” Jekshen akasema kwa upole wa kuudhi, “wewe baki na picha za harusi. Bibi harusi hatulii sana, lakini angalau hajifichi mawinguni.”

“Januari hii yangu! Nitaupiga picha mlima Karagush dhoruba ikiwa imepamba moto, kwa mkono wangu huu. Nikishindwa, siku kalenda ikifika nitavaa kilemba cha bibi yangu na kukumiminia chai mbele ya kijiji kizima.”

Chumba kikalipuka kwa makofi. Kilemba chenyewe ni kile cheupe cha wanawake wazee, kitambaa kirefu kuliko barabara ya lami ya Ak-Jar, na hakuna mwanamume aliyewahi kukivaa akabaki na jina lake la zamani. Taalai alipofika nyumbani ndipo mkate ulipomkwama kooni.

Picha zilitakiwa mjini Jumamosi. Alhamisi asubuhi dhoruba ikafika, mbingu imeshuka hadi kwenye mabomba ya majiko, na Taalai akafurahi kama mtoto aliyesikia shule imefungwa. Siku ya jua Karagush hukaa kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, masikio wazi, uso hauna habari. Dhoruba ikiupiga, mawingu hupasuka kwa muda wa kupiga chafya, na mlima hujitokeza ukifuka theluji mabegani, mwanga ukiuchoma kutoka chini. Hiyo chafya moja ndiyo aliyokuwa akiitafuta tangu ana miaka kumi na mitano.

“Unakwenda wapi na farasi wangu?” bibi yake, Bibi Burul, akauliza akitoka zizini.

“Kuleta Januari, bibi.”

“Ukiileta, ifute miguu kabla haijaingia. Na huyo Toru usimfunge ovyo!”

Huku akisema hivyo, bibi alimpa betri ya akiba ya kamera, ambayo alikuwa ameilaza chini ya jiko usiku kucha. Taalai akaitia kwapani, maana kwenye baridi ile betri hufa kabla ya mwenyewe hajagundua, akaondoka akiimba.

Alifika kwenye tuta lililo mkabala na mlima baada ya saa mbili, kope zimeganda, pua haina hisia. Akasimamisha stendi ya miguu mitatu, akafunga kamera juu yake, akaelekeza lenzi kwenye weupe mtupu. Na hapo mkono wake ukafanya jambo bila kumshauri. Mkono wa mtu wa Ak-Jar ukiona kitu kimesimama, hukifungia farasi. Nguzo ya umeme, mlango wa zahanati, mguu wa meza ya karamu, vyote vimewahi kufungiwa farasi. Hatamu za Toru zikazungushwa kwenye mguu wa stendi, fundo safi, la kujivunia. Taalai mwenyewe akapanda tena juu ya farasi ili aone mbali zaidi.

Upepo ukaja kama mlango uliopigwa teke. Stendi ikayumba, ikamgonga Toru gotini, na Toru, farasi mwenye akili timamu, akaamua kwamba hicho kitu cha miguu mitatu kinamshambulia. Akaruka. Taalai akaenda juu, Toru akaenda bondeni, stendi ikamfuata Toru ikidunda, kamera ikachomoka na kutua kwenye theluji laini. Taalai naye akatua. Alitua kichwa mbele kwenye lundo la theluji, akazama hadi kiunoni. Kilichobaki duniani kilikuwa buti zake mbili za sufu.

Huko ndani kulikuwa kimya, na bluu, na pazuri kidogo. Alipiga mateke, akazama zaidi. Akafikiria kilemba. Akafikiria jinsi Jekshen atakavyonyosha kikombe.

“Hizi buti nazijua,” sauti ikasema juu yake.

Bibi Burul alikuwa ametoka kutafuta yaki wake wawili, ng'ombe wa milimani wa manyoya marefu, waliopotea, naye amepanda yule wa tatu. Toru alimpita mbio akiburuta vyuma, na bibi hakuhitaji kuelezwa zaidi.

“Bibi!” Taalai akapiga kelele kutoka ardhini. “Kamera!”

“Ninayo. Imelala hapa kama yai.”

“Mlima umetoka?”

Kisha bibi akasema polepole, sauti imebadilika: “Ee, mjukuu wangu. Umetoka. Umetoka wote.”

“Unafananaje?”

“Kama sufuria ya maziwa inayofurika. Na chini yake mwanga, kama mtu amefungua tanuri. Ngoja nikuvute, uone mwenyewe.”

“Usinivute! Piga!”

“Nikupige?”

“Piga picha, bibi! Kitufe kikubwa, juu, kulia!”

“Utakosa pumzi humo.”

“Nitapumua baadaye!”

Kitufe kikalia mara moja tu, tii, na betri ikakata roho. Mawingu yakafunga. Bibi akashika buti, yaki akamvuta bibi kwa kamba, na Taalai akatoka kama kiazi, masikio yamejaa theluji. Akamkumbatia bibi, akambusu yaki. Wakatia ile betri ya kwapani, wakakitazama kioo kidogo cha kamera vichwa vikigusana. Karagush ulikuwa pale. Ulikuwa umepigwa vizuri kuliko picha zote za maisha ya Taalai.

“Hivi vitu viwili vyeusi pembeni?” bibi akauliza.

“Mawe,” Taalai akasema upesi. “Bibi, tafadhali, usimwambie mtu.”

“Kwani mimi redio?”

Kalenda ikafika tarehe thelathini Desemba. Nyumba ya Bibi Burul ilijaa viatu hadi kizingitini, kitambaa cha chakula sakafuni kimejaa mandazi madogo, zabibu kavu na chai ya maziwa. Januari ilikuwa ya Ak-Jar. Taalai aliining'iniza ukutani na kuifunika shuka, kwa sababu kitu kipya hakitazamwi bure. Mtu hutoa korumduk, zawadi ya kuona mara ya kwanza, kama kwa mtoto mchanga au bibi harusi. Soksi za sufu zikatolewa, lozi, peremende, mfuko wa tufaha kavu. Hata Jekshen aliyeletwa na ubishi wake alitoa chupa ya asali. Vyote vikarundikwa mbele ya magoti ya Taalai, na shuka ikashuka.

Watu wakashusha pumzi pamoja. Mzee mmoja akavua kofia.

Angenyamaza hapo, leo angekuwa anakula asali. Lakini ukweli ulikuwa karibu sana, na yeye alishazoea kuutangulia.

“Upepo ulikuwa unang'oa mawe,” akaanza. “Farasi anatetemeka, mimi nimekaa juu yake imara kama msumari. Nikapiga. Halafu mnajua nini? Nikasikia kilio. Kuna bibi kizee mmoja amepotea kwenye dhoruba, jina simtaji kwa heshima, anaita mama yake! Nikamnyanyua, nikampakia juu ya yaki wake, nikamfuta machozi…”

Kikombe cha Bibi Burul kikagusa sahani. Kililia kidogo tu.

“Taalai,” Jekshen akasema, pua yake imekaribia ukuta, “mawe ya kwenu huwa yana viraka?”

Watu wakasogea. Pembeni mwa ukurasa, kwa ukubwa ambao kioo cha kamera hakikuwahi kuuonyesha, buti mbili zilisimama kwenye theluji, nyayo zikitazama mbinguni. Ya kushoto ilikuwa na kiraka cha kijani.

Macho yote yakashuka kutoka ukutani hadi mlangoni, kwenye buti zilizopangwa pale. Kijani.

“Kiraka hicho nilishona mimi,” Bibi Burul akasema. “Kwa begi lake la darasa la tano. Na huyo bibi kizee aliyelia nilimwona pia. Alikuwa ameshika kamera kwa mkono mmoja, na mguu wa mtu kwa mkono wa pili.”

Kicheko kilichofuata kilimwamsha mtoto wa jirani, naye akacheka bila kujua sababu. Zawadi zikavuka sakafu zenyewe, mkono kwa mkono, hadi kwenye magoti ya bibi. Na Taalai masikini, naye alikuwa anacheka.

Bibi Burul akavuta mfuko aliokuwa ameukalia tangu asubuhi, akatoa kitambaa cheupe, kirefu, kimepigwa pasi.

“Uliapa kwa mkono wako, siyo wangu. Njoo ukae hapa, mjukuu wangu. Kichwa chako kikubwa, kazi itachukua muda. Jekshen, mwanangu, chai yako unaitaka na maziwa au bila?”